Gunia Lililo Wazi

Pemba niliyokulia, karafuu haikuwa bidhaa ya sokoni. Sokoni kulikuwa na muhogo, ndizi, changu na dagaa. Karafuu ilikuwa na njia yake peke yake: kutoka mtini hadi jamvini, kutoka jamvini hadi guniani, na kutoka guniani hadi kwenye mizani ya mnunuzi mmoja aliyewekwa na sheria. Bei tuliipokea kama tunavyopokea mvua: ikija nyingi, Alhamdulillahi, ikija haba, Alhamdulillahi.

Ndiyo maana niliposimama katika soko la Gamalama, mjini Ternate, mbele ya gunia la karafuu lililokunjwa mdomo na kuwekwa wazi njiani, nilijikuta nikiangalia nyuma yangu, kama mtu aliyeshuhudia kosa.

Shughuli iliyonipeleka Indonesia ilikuwa Jakarta. Ilipokwisha, zilinibakia siku 4, nami nikaamua kuruka hadi visiwa vya Maluku kwa sababu moja tu: huko ndiko asili ya mkarafuu. Ternate ni mlima wa moto uliosimama baharini, na mji umejibanza miguuni pake. Kabla sijaliona soko, niliinusa karafuu iliyoanikwa kando ya barabara, na harufu ile ikanirudisha kwenye majamvi ya uani kwetu.

Sokoni mlikuwa na jodari wekundu waliokatwa vipande, kungumanga zikiwa bado na maganda yake, lozi za mkenari, na mikate migumu ya sagu, unga utokao ndani ya shina la mti. Lakini kilichonishangaza zaidi ni maneno. Mezani palipouzwa sabuni, nilisikia watu wakisema "meja" na "sabun". Bendera ni "bendera", dunia ni "dunia". Mama mmoja mwenye mtandio wa kijani, ndiye mwenye lile gunia, aliniuliza, "Apa kabar?" Nami, kabla sijakumbuka nilipo, nikamjibu, "Njema." Akacheka, nikacheka. Kijana wa nyumba ya wageni niliyofikia, aliyejua Kiingereza, akatuingia kati kuwa mkalimani.

Hatujafika mbali akaja mnunuzi. Alichota karafuu konzi moja, akazinusa, akaivunja moja kwa ukucha kutazama mafuta yake, kisha akataja bei. Yule mama akatikisa kichwa. Mnunuzi akaongeza. Mama akatikisa kichwa tena, akaendelea kuchambua makonyo yaliyosalia, bila ya hasira na bila ya hofu. Mara ya tatu wakapatana.

Msomaji ataniwia radhi nikisema kwamba macho yalinilenga machozi. Baba yangu alipata kukataa mara moja tu maishani mwake. Msimu mmoja alificha nusu gunia chini ya kitanda, akisubiri ngalawa ya usiku. Ngalawa haikuja, walikuja wengine. Alikaa ndani miezi 3. Nilikuwa na miaka 11, na skuli niliwaambia wenzangu kuwa amesafiri kwenda Tanga. Aliporudi hakusema neno, nasi hatukumuuliza. Jina la "magendo" lilikaa juu ya paa letu kama bundi, nami kwa miaka mingi nilimwonea haya mzee wangu.

Yule mama aliponiuliza nimetoka wapi na nikamwambia kwetu nako kuna mikarafuu, alistaajabu. "Nani aliwapelekeeni?" Ikanibidi nimweleze niliyoyasoma. Mwaka 1652 Waholanzi walimtia Sultani wa Ternate katika mkataba wa kung'oa mikarafuu ya himaya yake, naye alipwe fidia kila mwaka, ili zao hilo libakie Ambon na visiwa jirani, chini ya mkono wao. Ilipofika 1770, Wafaransa waliitorosha miche hadi Mauritius. Kutoka mikononi mwa Wafaransa ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19; na kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu.

Nilipokuwa nikiyasema hayo ndipo nilipotanabahi. Karafuu yenyewe ilitufikia kwa magendo. Tumeiimba, tumeila, tumejengea majumba, na asili ya baraka yote hiyo ni mche uliofichwa.

Mama alisikiliza, kisha akasema yake. Katika miaka ya 1990 hata wao walikuwa na mnunuzi mmoja. Bei ilishuka hadi marehemu mumewe akaziacha karafuu zichanue mtini, kwani ujira wa wachumaji ulipita thamani ya zao. Ukiritimba ule ulivunjwa mwaka 1998. "Tangu hapo," alisema, "nikichoka na bei, narudi na gunia langu nyumbani."

Nilinunua robo kilo. Akaniongezea konzi moja juu yake.

Naam, nilipeleka karafuu Pemba. Baba, ambaye sasa haoni vizuri, alizipapasa kiganjani, akatafuna moja, akatema. "Hazikukauka sawasawa hizi," alisema. Kisha akaniuliza zinauzwaje huko. Nikamsimulia habari ya yule mama na mnunuzi wake, tangu mwanzo hadi mwisho.

Alinyamaza kitambo, karafuu zikiwa bado mkononi mwake.

"Alikataa mara mbili?"

"Mara mbili, Baba."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akazifunga zile karafuu katika pembe ya shuka yake, akapiga fundo.