Safari ya Katwe: Kutafuta Mpira wa Breki

Pikipiki ya nyumbani kwetu Jinja ni Honda CB 250 ya miaka ya 1970. Marehemu baba yangu, aliyekuwa sajini wa polisi, alituachia ikiwa nzima. Breki yake ya nyuma ni ya ngoma, na ya mbele ni ya diski inayoendeshwa kwa mafuta. Jioni moja nilikuwa nimempakia mke wangu tukiteremka mlima. Nikabana mkono wa breki ya mbele, nao ukaja mpaka kwenye usukani bila kushika chochote. Breki ya nyuma ndiyo iliyotusimamisha, hatua chache tu kutoka kwa watoto waliokuwa wakirudi kuteka maji. Nilipoinama, niliona mafuta yakichuruzika katika mpira uliopasuka kwa uzee.

Mama yangu aliposikia habari hiyo alisema neno moja tu: "Baba yako hakuiwasha kabla ya kukagua breki." Nikaona haya.

Madukani Jinja sikupata kitu. Boda boda nyingi za siku hizi zina breki za ngoma zinazovutwa kwa waya; kwa hiyo rafu zilijaa waya na viatu vya breki, wala si mipira ya mafuta. Jumamosi alfajiri nikaufungua mpira ule mbovu, nikauviringisha katika gazeti, nikapanda taksi kwenda Kampala.

Safari hiyo ni ya kilomita 80 hivi. Tulivuka Mto Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, tukaliacha bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo kwa miaka mingi magari yote yalipita juu yake. Baadaye msitu wa Mabira ukatufunika kwa kivuli na ubaridi, kisha yakaja mashamba ya miwa ya Lugazi. Namawojjolo wachuuzi walituzunguka na kuku wa kuchoma na gonja. Nilinunua gonja peke yake, maana fedha nilizobeba zilikuwa na kazi yake.

Katwe hutambulika kwa masikio kabla ya macho. Nyundo hulia tangu asubuhi. Huku wanakunja bati kuwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, kule wanachomelea malango, na pembeni sigiri zimepangwa kama askari kwenye gwaride. Ni mtaa ambao kitu kilichokufa kwingine hufufuliwa.

Muuzaji wa kwanza alinipa mpira mweusi, mpya, unaong'aa, kwa bei ya kutupa. Nilikwisha kuingiza mkono mfukoni. Mzee mmoja aliyeketi jirani akisafisha kabureta akaniuliza kwa Kiswahili safi cha kambini: "Mwalimu, umesoma kilichoandikwa juu yake?" Sijui alijuaje kazi niliyosomea, labda ni kwa kalamu iliyokuwa mfukoni. Nikautazama. Haukuwa na maandishi yoyote.

"Huo ni wa petroli," akasema. "Mpira wa breki una tabaka za nyuzi ndani, ili usivimbe unapobanwa. Huo utavimba kama puto, na siku ya haja utapasuka."

Mzee huyo aliniambia kuwa aliwahi kuwa fundi wa magari jeshini. Nikamwuliza kama hatuwezi kukata kipande cha mpira wa trekta na kukibana ncha zake, maana niliona karakana ya kazi hiyo hapo hapo. Akatikisa kichwa. Mipira mingi ya mitambo, alisema, imetengenezwa kwa mafuta ya madini. Mafuta ya breki ni ya namna nyingine, nayo huweza kuuharibu mpira usio wake. Vivyo hivyo, ukitia mafuta ya injini katika breki, mipira midogo iliyomo ndani yake itavimba na kuoza.

Tulizunguka vibanda hadi adhuhuri. Hatimaye tulipata mpira wa pikipiki nyingine, mpya, wenye maandishi ya DOT ubavuni. Mzee aliulaza kando ya ule wangu akapima urefu, pembe ya ncha na tundu la bolti. Akanionya: "Ukiufunga, zungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, kisha inua gurudumu la mbele lining'inie. Ukivutika popote, ni mfupi, usiutumie." Nililipa shilingi 40,000, pamoja na washa mpya za shaba, kwa kuwa za zamani zilikwisha kubonyea na zingevuja. Mzee alikataa malipo; alikubali soda tu.

Jumapili tuliifanya kazi mimi na mke wangu. Yeye alibana mkono wa breki na kuushikilia. Mimi nikafungua kidogo kizibo cha kutolea hewa kilicho chini, nikakifunga kabla hajaachia. Tuliendelea hivyo, tukijaza mafuta mapya ya DOT juu yasipungue, mpaka mapovu yakaisha. Mafuta hayo tuliyatoa katika chupa iliyofungwa bado, kwa kuwa chupa iliyokaa wazi hunyonya unyevu wa hewa. Watoto tuliwaweka mbali: mafuta hayo ni sumu, tena hubabua rangi. Kisha nikaubana mkono wa breki kwa nguvu dakika nzima. Haukulegea, wala tone halikuonekana.

Mama alitoka nje, akaubana mwenyewe kwa mkono wake mkavu, akasema, "Sasa nipeleke kanisani."

Ndugu msomaji, ikiwa nawe una pikipiki ya zamani uani, ubane mkono wa breki leo, na uutazame mpira wake kabla jua halijatua.