Nyumba Isiyo na Mti Wala Udongo

Sisi wakulima hatuhitaji kufundishwa habari za siafu. Wapitapo usiku, kuku aliyefungiwa haponi, na mwenye nyumba hutoka na watoto wake akangoja nje hata wapite. Lakini siafu wetu wakitua huchimba ardhini. Wako ndugu zao katika misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini ambao hujenga nyumba kwa miili yao wenyewe, na habari zao zimenishika moyo.

Jua lichwapo jeshi huanza kuhama. Wafikapo mahali papya, siafu wa kwanza hushika gogo au shina la mti kwa kulabu ndogo zilizo mwishoni mwa miguu yao. Wengine huwashika hao, na wengine tena hushika hao wa pili, mpaka minyororo yao husukana ikawa fundo moja lenye upana wa karibu meta moja. Ndani yake mna siafu laki kadhaa. Kuta ni wao, dari ni wao, na njia za ndani ni wao. Katikati, penye joto la kadiri, wamo malkia na watoto.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, T. C. Schneirla, alianza kuwachungua mwaka 1932 katika kisiwa cha Barro Colorado, nchi ya Panama. Wengine walidhani kwamba siafu hao huhama kwa kuwa chakula kimekwisha. Yeye aliona kwamba sababu ni watoto. Mabuu wenye njaa hulichochea jeshi zima, likahama karibu kila usiku kwa muda wa siku 15 hivi. Mabuu wakijifunga katika vifuko hawali tena, na jeshi hutulia mahali pamoja siku 20 hivi. Vijana wapya wakitoka, safari huanza tena.

Mimi ni karani, na kwa ajili ya karo nimehamia miji mitatu. Jirani huniuliza, "Bwana, nyumba yako iko wapi?" maana sijajenga ya mawe. Humjibu kwamba nyumba yangu ni mke wangu alimaye shamba, mama yangu aleaye wajukuu, na ndugu yangu aliyeuza ng'ombe mwanangu alipokosa karo. Kila mmoja amemshika mwenziwe, na yule aliyeshika gogo, achukuaye uzito wa wote, amefichwa na wenzake asionekane. Mawe yatakuja, Mungu akipenda. Lakini mkono mmoja ukiachia leo, mawe hayo hayatawafaa watoto.