Siku Niliyofika Muhoro

Nimekulia Arusha. Nikiwa sekondari, mwalimu alitupeleka kwenye jengo la AICC kuiona Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Tulikaa nyuma ya kioo, visikilizio masikioni. Shahidi alizungukwa na pazia, na badala ya jina alitajwa kwa herufi tu. Mshitakiwa alikuwa na mawakili na wakalimani. Nilirudi nyumbani nimekereka: mtuhumiwa wa mauaji ya kimbari anaenziwa hivyo?

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, safari yangu ya kwanza Rufiji.

Basi liliondoka Mbagala alfajiri. Kibiti, wauza korosho walitujaa madirishani kabla hatujasimama vizuri. Nikapanda bodaboda hadi Nyamisati, ziondokako boti za Mafia, na nahodha mmoja akakubali kunizungusha deltani. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, mikoko imesimama juu ya mizizi yake, na penye mpunga palionekana madungu ambamo watu hulala wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe. Nahodha alinyoosha mkono kuelekea mkondo ambako Wajerumani waliizamisha manowari yao Königsberg mwezi Julai 1915.

"Wageni wengi huja kuiulizia meli," alisema. "Nawe?"

"Mimi naiulizia Muhoro."

"Basi umepotea njia, mwanangu. Muhoro uvuke daraja."

Kesho yake nilipita Ikwiriri, nikavuka Daraja la Mkapa, mto ukitanda chini yangu. Muhoro ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kuwapa watu ujasiri, tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kosa lilikuwa uhaini. Aliyemkamata, aliyemhukumu na aliyemtia kitanzi walikuwa serikali ileile moja.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, maghala na mashamba hadi njaa ikamaliza walionusurika na risasi. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000. Niliyakumbuka madungu: mtu anakesha msimu mzima dhidi ya nguruwe, kisha anakuja askari na kiberiti.

Kibarazani nilimkuta mzee akisuka ukili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nilimweleza yaliyonileta. Alisikiliza, kisha akauliza: "Na aliyewaamuru wachome, alishitakiwa wapi?"

Hakushitakiwa popote. Götzen alifariki mwaka 1910. Mkataba dhidi ya mauaji ya kimbari ulipitishwa mwaka 1948. Mkataba wa Roma, unaohesabu kuwaua raia kwa njaa kuwa uhalifu wa kivita, ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2002, nao hauhukumu yaliyotendeka kabla ya hapo. Sheria hairudi nyuma.

Hapo kibarazani ndipo nilipoielewa Arusha. Ili kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, haitoshi kuonyesha maiti. Lazima ithibitishwe kwamba alikusudia kuliangamiza kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao. Ndiyo maana kesi zilikwenda taratibu, shahidi mmoja mmoja. Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, alitiwa hatiani Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya namna hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda, alifungwa maisha. Kitanzi hakikuwemo kabisa katika adhabu za mahakama ile. Walioshitakiwa walikuwa 93, na 14 kati yao waliachiwa huru. Mahakama isiyoweza kumwachia mtu ni Muhoro ya 1905.

Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha akiwa Songea. Nilimwambia mzee. Akaendelea kusuka.

"Songea ni mbali na hapa," akasema.

Msomaji, ukivuka Daraja la Mkapa kwenda Lindi au Mtwara, teremka Muhoro. Keti barazani, uulize. Kesi hii haina tena mshitakiwa wa kusimama kizimbani, lakini ushahidi wake bado unahitaji wa kuusikiliza.