Sehemu ya 12: Benchi la Nyumbani

Leo nesi wenu anaongelea mpira wa kikapu. Msinikimbie, kwa mtoto mchanga tutafika humo humo.

Hasheem Thabeet wengi mnamjua, yule kijana wetu wa Dar es Salaam, mita 2.21 kwenda juu. Kikapu alianza akiwa na miaka 15. Mwaka 2006 akaanza kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut kule Marekani, wenyewe wanakiita UConn. Msimu wake wa kwanza timu ilijaa vijana wa mwaka wa kwanza kama yeye. Walishinda mechi 17, wakafungwa 14, hata mashindano ya taifa ya vyuo hawakuyaona. Msimu wa pili walishinda 24, wakafungwa 9, wakatolewa raundi ya kwanza tu. Msimu wa tatu, ule ulioisha 2009, walishinda 31, wakafungwa 5, wakaingia nne bora ya nchi nzima.

Sasa jiulize, wengi wao si vijana wale wale? Nini kilibadilika?

Kocha wao, Jim Calhoun, alikuwa mkali, lakini hakuwatupa. Mwenyewe alipofika pale mwaka 1986, msimu wake wa kwanza alishinda mechi 9 na kufungwa 19. Ubingwa wa taifa aliupata 1999. Kwa hiyo alikuwa anajua kwamba timu haijengwi kwa wiki mbili. Kila mtu alikuwa na kazi inayoeleweka. Ya Thabeet ilikuwa kulinda goli, na msimu ule wa tatu alikuwa anazuia mipira zaidi ya minne kwa mechi. Mwenzake akipitwa huko mbele, anajua nyuma kuna mtu.

Kinachonigusa zaidi ni hiki. Februari 2009 mmoja wa wachezaji wao muhimu, Jerome Dyson, aliumia goti, msimu ukamwishia hapo. Timu haikulala chini. Kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker, aliyekuwa anatokea benchi. Kwenye mechi ya kutafuta nne bora, dhidi ya Missouri, yeye ndiye alifunga pointi 23. Miaka miwili baadaye, 2011, kijana huyo huyo akawaongoza UConn kuchukua ubingwa. Pale benchi hakuwa amekaa tu. Alikuwa anasoma mchezo, siku alipohitajika hakuanza kuuliza goli liko wapi.

Chuo hicho hicho timu ya wanawake ina kocha Geno Auriemma, yuko pale tangu 1985 na ubingwa ameshachukua mara 12. Huyu amewahi kusema kwamba akirudia video ya mechi huwa anaangalia na waliokaa benchi. Anayezubaa, asiyejali wenzake, uwanjani haingii.

Haya, turudi nyumbani kwetu Nshamba.

Mama anayejifungua ndiye yuko uwanjani. Sisi manesi tuko naye, lakini saa chache tu. Akiruhusiwa, mchezo unahamia nyumbani. Na kutoka damu baada ya kujifungua hakusubiri mtu ajipange, hatari kubwa ni ndani ya saa 24 za kwanza. Nimepokea mama aliyeletwa akiwa hoi, shuka zimelowa. Damu ilianza asubuhi, kafika kwetu jioni. Mume alikuwa ziwani, simu haipatikani. Mama mkwe anaogopa kuamua peke yake. Jirani mwenye pikipiki yupo, ila hakuna aliyemwambia mapema kwamba huenda akahitajika. Watu wote hao walikuwa wanampenda yule mama. Namshukuru Mungu alipona. Ila ile nyumba ilikuwa na watu wengi na benchi haikuwa nayo.

Huku kwetu mnaelewa jinsi nyumba inavyokuwa mtu akijifungua. Wageni wanakuja, ndizi zinaletwa, vicheko. Halafu wanaondoka, na mzazi mwenye siku nne anainuka kumenya ndizi na kufuata maji. Baba anasema hayo mambo ya kina mama. Baba yangu, hilo ni benchi, na wewe umezubaa!

Mimba ikifika miezi saba, kaeni chini mkapange. Andikeni hata nyuma ya kalenda:

1. Nani anaruhusiwa kuamua twende hospitali kama baba hayupo. Jina lake litajwe, na mama mkwe asikie kwa masikio yake.
2. Bodaboda au gari la nani, namba yake, na hela ya usafiri imewekwa wapi.
3. Nani wawili wataongozana naye wakiwa tayari kutoa damu.
4. Nani anabaki na watoto wakubwa.
5. Nani anamenya, anachota maji na kufua kwa wiki sita. Baba, jina lako lionekane hapa.

Na wote wa benchi wajue dalili za hatari, siyo mama peke yake. Damu nyingi. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Degedege. Homa. Mtoto asiyenyonya, anayepumua kwa shida au aliyepoa mwili. Ukiona mojawapo, hakuna kusubiri kesho, na hakuna kusubiri simu ya ziwani ipatikane. Hata kama kila kitu kiko sawa, mrudisheni kliniki siku ya 7. Wengi mnaisahau hiyo kwa sababu mama anatembea na mtoto ananyonya.

Mnaolea peke yenu, najua mnaniuliza, nesi, mimi benchi nalitoa wapi? Dada yako, jirani, mwenzako wa kikundi cha kukopeshana, bibi yako. Wawili wanaojua kazi zao wanatosha kuanzia. Waambie mapema, usione aibu.

Sehemu ya 13 tutaongelea kunyonyesha mama akirudi shamba. Kwa leo, mwonyeshe baba hii kabla hajalala, kisha mwambie alete kalenda.