Ushauri Niliompa Mdogo Wangu

Jumapili iliyopita nilikwenda kula kwa mama mdogo hapa Columbus, Ohio. Ugali, samaki wa kukaanga, mchicha, kama kawaida. Nikiwa nanawa mikono macho yangu yakatua kwenye picha moja ukutani. Ni picha ya wahitimu wa sekondari, Mei 2021, darasa la mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Wenzake walimtumia baada ya sherehe, wote wameandika majina yao pembeni. Vijana wamevaa majoho, wanacheka. Yeye hayumo.

Nimeiona picha ile mara nyingi, na kila nikiiona najisikia vibaya. Sababu mojawapo ya yeye kutokuwemo ni mimi. Leo acha niseme.

Nazungumzia futiboli ya Wamarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Ukiishi Columbus huwezi kuukwepa. Siku Ohio State wanacheza nyumbani, watu zaidi ya laki moja wanajaa uwanjani, na hao wote wamekuja kuangalia wanafunzi. Mdogo wangu alikuja nchi hii akiwa mdogo, akaupenda mchezo huo, na akaujulia. Alipofika mwaka wake wa mwisho wa sekondari, chuo kimoja cha Big Ten (jina nalihifadhi) kilikuwa kimeshamwahidi udhamini wa masomo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tuliokulia Bongo hatulijui. Sekondari ya Marekani inamalizika Mei au Juni, na vijana wanaingia chuo Agosti. Lakini mchezaji akikimbiza masomo yake, akayamaliza Desemba, anaweza kuingia chuo Januari. Faida yake ni kwamba anafanya mazoezi ya masika na timu, anaijua mipango ya kocha, anabeba vyuma, halafu Septemba anaanza msimu akiwa mwenyeji. Wengi wanafanya hivyo. Msimu wenyewe ni wa vuli, kwa hiyo mtu wa Januari hana mechi ya kucheza mpaka Septemba. Miaka yote hakukuwa na haja ya kuuliza kama anaruhusiwa kucheza mara tu akiingia. Acheze nini, wakati hakuna mechi?

Korona ndiyo iliyoleta swali.

Jumanne, tarehe 11 Agosti 2020, Big Ten walitangaza kwamba hawatacheza vuli ile, na kwamba wangeangalia uwezekano wa kucheza masika. Siku hiyo hiyo Pac-12, vyuo vya upande wa magharibi, nao wakasimamisha. Fikiria sasa: msimu wa 2020 unasogezwa mpaka mwanzoni mwa 2021. Na Januari 2021 vijana wapya wanaingia. Je, wanaruhusiwa kucheza msimu ambao kwa jina ni wa mwaka uliopita? Wakicheza, halafu Septemba ikafika, watacheza tena?

Kesho yake kocha wa Ohio State, Ryan Day, alisema angependa msimu uanze mapema Januari, na kwamba ingekuwa fursa nzuri kwa wanaoingia Januari kucheza misimu miwili ndani ya mwaka mmoja. Mimi wakati huo nilikuwa naandikia gazeti dogo la mtaani. Niliposikia hivyo damu ilinichemka. Habari ndiyo hiyo!

Jioni mama mdogo akanipigia simu. "Mwanangu, wewe ndiye mwandishi wa habari kwenye ukoo huu. Hebu nieleze. Huyu mdogo wako anasema anataka kuacha shule Desemba."

"Haachi shule, mama. Anamaliza mapema."

"Na wenzake je? Na sherehe ya kumaliza? Mimi nimeshawaambia watu wa Dar."

Nikamwambia sherehe ni kitu kidogo. Nikamweleza habari ya misimu miwili kwa mwaka mmoja kana kwamba nimekaa kwenye kikao kilichoipitisha. Mdogo wangu akachukua simu. "Kaka, una uhakika nitacheza?" Nikamjibu, "Utacheza. Nimesoma kila kitu."

Nilikuwa nimesoma kila kitu, ni kweli. Tatizo ni kwamba hakukuwa na kitu cha kusoma. Siku ile nilichokuwa nacho mkononi ni matumaini ya kocha, na kocha alikuwa na sababu zake za kutumaini.

Hoja zilikuwepo pande zote mbili, na bado naziona zina uzito. Upande wa kuruhusu: kijana amemaliza sekondari, amefaulu yale masomo 16 ya msingi yanayotakiwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na amesajiliwa kama mwanafunzi kamili. Kwenye mpira wa kikapu, ambao msimu wake unavuka mwaka mpya, jambo hili lilishatokea. Hamidou Diallo aliingia Kentucky Januari 2017, katikati ya msimu, na alikuwa huru kucheza, ingawa hakucheza mechi hata moja mwaka ule. Upande wa kukataa: huyu ni kijana wa miaka 17 au 18, ametoka kucheza msimu wa sekondari vuli, umpe msimu wa chuo masika, halafu mwingine Septemba? Mchezo huu unavunja watu. Halafu kuna yule wa mwaka wa mwisho aliyesubiri miaka minne zamu yake, anakuja mgeni wa wiki tatu na kukaa kwenye nafasi yake.

Mdogo wangu hakusubiri jibu. Alikwishajiandikisha masomo ya ziada mtandaoni, akawa analala saa saba usiku, asubuhi darasani, jioni mazoezini.

Tarehe 21 Agosti NCAA walitoa uamuzi mkubwa: wachezaji wa michezo ya vuli waliokuwa chuoni wasingehesabiwa mwaka ule, kila mmoja akaongezewa msimu. Niliushangilia. Sikuona kwamba ulikuwa unamhusu mdogo wangu kwa njia mbaya.

Halafu tarehe 16 Septemba Big Ten wakageuza uamuzi wao. Wachezaji walikuwa wamelalamika (ombi la mtandaoni alilolianzisha Justin Fields, aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya Ohio State, lilipata saini zaidi ya laki tatu), wazazi walikuwa wamelalamika, makocha pia. Msimu ukaanza tarehe 23 Oktoba. Pac-12 nao wakarudi uwanjani Novemba. Msimu wa masika wa Big Ten ukafa kabla haujazaliwa, na pale Big Ten swali la vijana wa Januari likafa nao. Kwao hakuna aliyelihitaji tena. Isipokuwa wale waliokuwa wameshapanga maisha yao juu yake.

Mama mdogo aliniuliza kama mtoto abaki sasa. Ilikuwa imechelewa. Chuo kilishapanga kitanda, sekondari ilishampangia mitihani. Januari 2021 tukampeleka, theluji mpaka magotini. Ohio State siku zile walikuwa wanajiandaa kwa fainali, wakafungwa na Alabama 52 kwa 24 tarehe 11. Mdogo wangu akaingia chuo ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa wanasomea vyumbani, kwenye kompyuta. Mei, wenzake walipopiga ile picha, yeye alikuwa amejifungia bwenini.

Septemba ikafika. Kwenye nafasi yake walikuwepo watu wawili ambao kwa hesabu ya kawaida walipaswa kuwa wameshaondoka. Walibaki kwa ule msimu wa ziada. Wanaume wa miaka 23, na yeye ana 18. Mwaka ule aligusa uwanja mara tatu, tena dakika za mwisho.

Sisemi kwamba kila aliyeingia Januari ile aliumia. TreVeyon Henderson, kule Hopewell, Virginia, sekondari yake iliahirisha msimu mpaka masika, yeye akaingia Ohio State Januari 2021 bila kucheza mwaka wake wa mwisho. Tarehe 18 Septemba, mechi yake ya tatu tu, alikimbia yadi 277 dhidi ya Tulsa na kuivunja rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza pale, iliyodumu tangu 1972. Caleb Williams wa Washington naye hakupata msimu wa mwisho wa sekondari, akaingia Oklahoma Januari hiyo hiyo. Leo wote wawili wamecheza ligi kuu ya kulipwa.

Lakini hao ni wachache mno. Ninachokiona nikirudi nyuma ni kwamba kila aliyekuwa ndani alikuwa na mtu wa kumsemea. Wa mwaka wa mwisho wakaongezewa msimu. Makocha wakapata mechi zao. Kijana aliyekuwa mlangoni, mguu mmoja sekondari mwingine chuoni, hakuwa wa mtu. Kalenda ilipovunjika, yeye ndiye aliyeangukia kwenye ufa.

Mdogo wangu alicheza kidogo miaka iliyofuata, akaumia goti, akamaliza digrii yake. Ana kazi nzuri, ana afya. Jumapili ile nilimfuata nje akiwa anapasha gari moto, nikamwomba radhi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo.

Alicheka. "Kaka, hukunishauri kwa ubaya. Ningeondoka hata hivyo, labda." Akanyamaza kidogo. "Ila nilikuuliza kama una uhakika. Ungesema tu hujui."

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo wiki nzima. Kazi yetu hii inatulipa kwa kujua, na watu wa nyumbani wanatuamini kuliko hata wahariri wetu wanavyotuamini. Kocha alikuwa anatamani, NCAA walikuwa hawajaamua, na mimi ndiye niliyemwambia mtoto wa watu "utacheza".

Mama mdogo ameniambia picha haiondoki ukutani. Anasema hata kama mwanawe hayumo, jina lake limo: wenzake walimwandikia pembeni, katikati ya majina yao.