Safari yenye siku ya kurudi

Katika komini ya Kikula, hapa Likasi, kuna familia moja ya wahami inayopanga safari. Si safari ya kukimbia, si ya kilio, wala si ya kutafuta kazi. Wanataka kwenda kutazama maji yanavyoanguka, halafu warudi nyumbani.

Wazo lilitoka kwa mjukuu, kijana wa sekondari. Darasani walifundishwa habari za maporomoko ya Victoria, kule Livingstone, Zambia. Jioni akamwambia bibi yake: « Kambo, kule Zambia kuna maji yanayounguruma mpaka yanatoa moshi. Wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. » Kambo aliyekuwa anapima makala ya kuuza kesho yake akajibu: « Maji ya namna hiyo nimeyasikia. Sikuyaona. »

Maji aliyoyasikia ni ya Kiubo, pale mto Lufira unapoanguka, kwenye njia ya Mitwaba. Wasikilizaji wengi wanakumbuka miaka ya 2012 na 2013, wakati wapiganaji wa Bakata Katanga waliposumbua vijiji vya Mitwaba, Manono na Pweto, mpaka watu wakaiita sehemu ile « pembetatu ya kifo ». Kambo alikuwa kati ya waliokuja kusini kwa miguu. Alipita Kiubo usiku, mjukuu huyu akiwa mgongoni. Alisikia ngurumo upande mmoja wa njia, akataka kusimama, wenzake wakamwambia atembee. Toka siku ile hajasafiri mbali na Likasi.

Ndiyo sababu wazo la mtoto halikuachwa kama mchezo. Binti wa kambo, mama ya huyo kijana, akachukua daftari ya shule iliyobaki na kurasa nyeupe, wakaanza hesabu.

Kwanza wakapiga hesabu ya Livingstone. Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita 120 hivi, halafu kuna mpaka wa Kasumbalesa. Ukivuka, bisi inapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi na Kabwe mpaka Lusaka, zaidi ya kilomita 400. Toka Lusaka mpaka Livingstone kunabaki karibu kilomita 480. Kwa hiyo ni siku mbili au tatu za njia kwenda tu. Jirani mmoja aliyewahi kufanya biashara kule akawaambia kwamba sehemu za Ndola na Kitwe Kibemba cha Katanga kinasikika vizuri, lakini huko chini kwa Watonga na Walozi utahitaji Kiingereza. Akaongeza kwamba magari yao yanapita upande wa kushoto, kwa hiyo mtoto asivuke barabara kwa mazoea ya Likasi.

Kisha yakaja makaratasi. Karte ya uchaguzi inamsaidia mtu ndani ya nchi, lakini si paspoti. Kila mmoja angehitaji paspoti yake, karte ya njano ya chanjo, na kuuliza habari za viza kwa konsula ya Zambia mjini Lubumbashi kabla ya kulipa tiketi. Lipo pia jambo la majira. Maji ya Mosi-oa-Tunya yanajaa sana mwezi wa 3 mpaka wa 5, na moshi wake unamlowanisha mtu kama mvua. Lakini mwezi wa 10 na wa 11 upande wa Zambia sehemu kubwa ya jabali inabaki kavu. Mtu anaweza kutumia feza zote akafika kutazama mawe.

Kijana akasoma hesabu, akanyamaza. Ndipo baba yake, anayefanya kazi ya soudure na ambaye hakuipenda safari hii toka mwanzo, akasema neno lililobadilisha mazungumzo: « Mnatafuta nini Zambia? Marefu kuliko yale yako hapa kwetu. »

Alisema kweli. Maporomoko ya Victoria yana urefu wa mita 108, ingawa upana wake ni mita 1,700 na zaidi. Lofoi, katika mbuga ya Kundelungu, Haut-Katanga hii hii, inaanguka karibu mita 340 bila kugusa kitu njiani. Mbuga hiyo iliwekwa mwaka 1970, na ni ndugu mdogo wa ile ya Upemba ya mwaka 1939. Watu wa Likasi wengi wamezeeka bila kuijua Lofoi isipokuwa kwa picha.

Lakini Lofoi nayo ina shida yake. Wakati wa mvua maji ni mengi na barabara ni matope. Wakati wa kiangazi barabara inapitika na maji yanapungua mpaka yanakuwa kama uzi mweupe juu ya jabali. Bisi ya kawaida haifiki. Inahitajika jeep, na bei ya kukodi jeep kwa siku tatu ilizidi kila kitu kilichoandikwa kwenye daftari.

Baba akarudia ushauri wake wa kwanza: feza za likelemba zingoje, zinunue mabati. Nyumba wanayopanga inavuja, na mwaka wa masomo unaanza mwezi wa 9. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anakosea. Mtu aliyepoteza nyumba mara moja anajua bati lina uzito gani.

Kambo alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: « Mkwe wangu, unasema vizuri. Mabati tutanunua. Lakini mimi safari ninayoijua ni ya kutoka tu. Nilitoka kwetu, sikurudi. Watoto hawa wakisikia neno safari wanafikiri ni kubeba magodoro. Nataka waone safari moja yenye siku ya kurudi. »

Baba hakujibu mara moja. Alichukua daftari, akahesabu tena, akauliza: « Na Kiubo? »

Binti ndiye aliyekataa. Njia ile ile? Yeye hataki hata kuisikia ikitajwa. Ilichukua siku kadhaa kabla hajasema sababu yake, na sababu si askari wala wapiganaji. Anaogopa kwamba kambo akifika Kiubo atataka kuendelea mpaka kijijini, akute hakuna kitu. Kambo akamwambia: « Mama, nitasimama palepale kwenye maji. Nilikatazwa kusimama, sasa nitasimama. »

Basi wamekubaliana hivi. Wataenda mwezi wa 7, masomo yakifungwa na barabara ikikauka. Lufira ni mto mkubwa, hata kiangazi unaendelea kuanguka. Zamu ya kambo kwenye likelemba itagawanywa mara mbili: nusu mabati, nusu njia. Wataulizana kwanza na madereva wa magari ya Mitwaba habari za usalama na za madaraja, wiki ile ile ya kuondoka, kwa sababu habari ya mwezi uliopita haimlindi mtu. Watabeba unga, samaki wakavu, maji ya kunywa na dawa ya malaria. Jirani ataachiwa ufunguo na namba ya simu ya dereva. Mama ya kijana bado hajasema kama atapanda gari au atabaki kulinda nyumba. Nafasi yake imewekwa.

Livingstone haikufutwa. Kijana ameiandika kwenye ukurasa wa nyuma, na chini yake ameandika « paspoti ». Kwenye ukurasa wa mbele, kambo aliomba aandikiwe siku mbili: ya kwenda na ya kurudi. Mjukuu alipotaka kuanza na ya kwenda, kambo alimwambia aanze na ile nyingine.