Tulipowatafutia Watoto Shule Nairobi

Tulihamia Nairobi kutoka Dar es Salaam Januari 2014, na kila mzazi niliyemuuliza kuhusu shule alinijibu kwa alama za KCPE. Mtihani ule wa darasa la nane ulikuwa na jumla ya alama 500, na magazeti yalizoea kuchapisha majina ya shule zilizoongoza. Jirani yetu alikuwa amezitunza kurasa hizo. "Mama Juma, anzia hapa juu," aliniambia.

Juma alikuwa amemaliza darasa la nne katika shule ya serikali, alikosomeshwa kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Shule ya kwanza kwenye orodha ya jirani ilimpa usaili wa hisabati kwa Kiingereza. Kukokotoa alijua, maelezo ya maswali ndiyo yaliyomfunga. Wakataka aanze darasa la pili. Nilikataa. Kumketisha mtoto wa miaka kumi na moja na wa miaka saba kwa ajili ya lugha ni kumvunja moyo, na msimamo huo sijaubadili.

Shule tuliyoipata baadaye haikuwahi kutajwa gazetini. Mwalimu mkuu alivuta kiti karibu na Juma, akamsomea maswali kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, huku mtoto akiandika majibu. Akampa darasa la nne. Alirudia mwaka, lakini alikaa na wa rika lake. Maarifa ya jamii ndiyo yaliyomtesa: mikoa aliyoikariri haikuwa na kazi tena, sasa ni kaunti 47. Wenzake walimfuata awasaidie insha za Kiswahili, naye akawafuata kwa Kiingereza. Kufika muhula wa tatu alikuwa akigombania namba ya timu ya mpira.

Mwaka huohuo wizara ilipiga marufuku kuzipanga shule kwa matokeo. Wazazi waliendelea kupeana orodha kwa mdomo, na Juma alipofanya KCPE mwaka 2018 bado niliulizwa alama zake hadi sokoni.

Mdogo wake aliingia gredi ya kwanza mwaka 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza. Hapo nami nilikuwa nauliza mengine: darasa lina watoto wangapi, mwalimu anawajua kwa majina? Tulitumwa maboksi, vitambaa, nyasi za kutengenezea sanamu ya kufukuza ndege. Gharama zilituumiza, na wazazi waliolalamika walikuwa na haki. Lakini binti yangu alisimama mbele ya darasa akieleza kazi ya mikono yake, jambo ambalo Juma hakupewa nafasi ya kulifanya. Corona ilimpa kazi nyingine: binamu zake wa Dar walirudi shule mwishoni mwa Juni 2020, yeye akasubiri hadi Januari 2021, akiwapigia simu kila jioni awasikie wamesoma nini.

KCPE ya mwisho ilifanyika 2023. Hivi karibuni wifi yangu wa Morogoro alinipigia, wanahamia huku na watoto, anataka shule yenye alama nzuri. Nilimwambia, "Wifi, nenda saa ya mapumziko. Simama uwanjani, uone mtoto mgeni anacheza na nani."